Monita mbili, moja kwenye kadi, nyingine kwenye bodi: mbona ya VGA inagoma?

MzeeWaSteshenari · Jumatatu, saa 1:20 usiku

Wakuu habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu kidogo, mnivumilie. Nimehangaika siku tatu na ofisi ni hii hii moja.

Nina Dell OptiPlex 9020, ile nyembamba ya kulaza mezani. Prosesa i5-4570, RAM 8, Windows 10. Ni ya mtumba, niliichukua Kariakoo mwaka jana na haijawahi kunisumbua. Kazi zangu ni kadi za harusi, vipeperushi, vitambulisho vya shule, na kuhariri video ndogo ndogo za send-off pale mteja anapokuwa hana haraka.

Siku zote nilikuwa na monita moja ya VGA (lile tundu la zamani la waya wa picha), inchi 19, ya kizamani lakini macho yameizoea. Mwezi huu nimepata nyingine ya inchi 24, yenye HDMI tu. Nikasema sasa nimepona: moja namgeuzia mteja aone kadi yake, nyingine nafanyia kazi. Mteja akikusimama nyuma, anakupumulia shingoni huku anasema "hilo ua lisogeze kidogo, hapana, rudisha", jamani, unaweza kuacha kazi.

Sasa, mashine haina tundu la HDMI. Ina VGA moja na DisplayPort mbili. Muuzaji akanishauri nichukue kadi ya grafiki, GT 1030 ile fupi, kwamba itanisaidia na kwenye Photoshop. Kadi ina matundu mawili, HDMI na DVI. Nikachomeka monita mpya kwenye HDMI, ikawaka vizuri kabisa. Ile ya zamani nikaiacha palepale kwenye VGA ya bodi, yaani ya mashine yenyewe. Giza. Nikichomoa kadi, VGA inawaka. Nikirudisha kadi, VGA inakufa.

Nikanunua adapta ya DVI kwenda VGA, elfu nane. Haiingii! Ina pini nne zimezunguka ule ulimi bapa, na kwenye kadi matundu ya hizo pini hayapo. Nimeirudisha dukani, nikaambiwa "mbona kwa wengine inaingia".

Swali langu: VGA ya bodi na HDMI ya kadi zinaweza kufanya kazi pamoja, au nimeshaliwa?

msumari_wa_moto · Jumatatu, saa 1:34 usiku

Haiwezekani mkuu. Ukichomeka kadi, grafiki ya ndani ya mashine inajizima, ndivyo zilivyoundwa. Uza hiyo VGA, ongeza hela, nunua monita ya pili ya kisasa.

chai_ya_rangi · Jumatatu, saa 1:41 usiku

Mzee, chonde chonde usizilazimishe hizo pini. Jamaa yangu mmoja alizikata zote nne kwa koleo ili adapta iingie. Iliingia. Picha mpaka leo anaisubiri.

fundi_bodi · Jumatatu, saa 2:15 usiku

Mzee hujaliwa. @msumari_wa_moto umesema nusu tu: inajizima, kweli, lakini hakuna aliyesema haiwezi kuwashwa tena.

Iko hivi. Kompyuta ikiwaka, kabla Windows haijaamka, bayosi (programu ndogo ya kuwashia iliyo kwenye bodi) inapita inakagua kilichochomekwa. Ikikuta kadi kwenye sloti ndefu ya PCIe, inaikabidhi kazi ya picha na kuilaza ile ya ndani. Mipangilio ya kiwandani inachukulia kwamba mtu aliyenunua kadi hana shida tena na ya ndani. Na kuna faida katika kuilaza: grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake yenyewe, inakopa kwenye RAM yako. Ikilala, mkopo unarudi.

Kwa hiyo kazi yako ni kuiambia bayosi isilaze. Zima mashine, washa, nembo ya Dell ikitokea gonga F2 mfululizo. Upande wa kushoto fungua Video. Utakuta "Multi-Display", weka tiki, bonyeza Apply, kisha Exit. Ukiwa hapo hapo usiguse kingine chochote, najua watu wenye mikono ya udadisi.

Wenye bodi nyingine wanaosoma hapa, jina linabadilika tu. ASUS wanaiita "iGPU Multi-Monitor", imejificha chini ya System Agent Configuration. MSI ni "IGD Multi-Monitor". Gigabyte tafuta "Internal Graphics", itoe kwenye Auto uiweke Enabled. HP za ofisini unaingia kwa F10, na zipo ambazo toleo lake halina kabisa kipengele hicho. Hapo usipoteze usiku wako.

Kuhusu adapta. Kuna DVI aina mbili zinazotuchanganya. DVI-I inabeba ishara ya dijitali pamoja na ile ya zamani ya analogia, na zile pini nne ndizo za analogia. DVI-D ni dijitali peke yake. GT 1030 yako ina DVI-D. VGA inaelewa analogia tu. Ile adapta ya elfu nane haigeuzi kitu, ni daraja la nyaya tupu: inachukua analogia upande huu inaipeleka upande ule. Kama upande huu analogia haipo, inapeleka hewa. Ndiyo maana jamaa wa koleo bado anasubiri.

Ukitaka kutoka HDMI au DVI-D kwenda VGA lazima upate kigeuzi chenye chipu ndani, na ukiuliza dukani sema hivyo hivyo, "chenye chipu". Lakini jaribu kwanza bayosi, ni bure.

MzeeWaSteshenari · Jumatatu, saa 2:50 usiku

Ubarikiwe sana mkuu. Ofisi nimeshafunga, ufunguo anao kijana. Kesho asubuhi nawaletea majibu.

BintiForodhani · Jumatatu, saa 3:05 usiku

Asalaam alaykum. Fundi, samahani nikuulize kabla hajarudi. Kama hiyo Dell ina DisplayPort mbili na VGA, si angezitumia hizo tu bila kadi? Au ya ndani haiwezi mbili?

fundi_bodi · Jumatatu, saa 3:12 usiku

Waalaykumu salaam dada. Swali zuri mpaka nilikuwa nalikwepa, sikutaka kumuumiza Mzee usiku. Prosesa yake ina Intel HD Graphics 4600, na hiyo inaendesha hadi monita tatu kwa mpigo. Angenunua waya wa DisplayPort kwenda HDMI, VGA ikabaki ilipo, na kazi ingekwisha bila kufungua boksi. Kwa vipeperushi na kadi za harusi ingemtosha kabisa.

Lakini kadi ameshainunua, na kwenye video itamsaidia. Tuendelee nayo.

MzeeWaSteshenari · Jumanne, saa 3:40 asubuhi

Fundi, lile la usiku nimelisoma. Imeniuma lakini nimesamehe.

Nimeweka tiki, nimehifadhi. Mashine imewaka, HDMI iko sawa, VGA bado giza. Ila kuna mabadiliko: kwenye Device Manager (orodha ya Windows ya vifaa vya mashine), sehemu ya Display adapters, zamani nilikuwa naona NVIDIA peke yake. Sasa kuna NVIDIA na chini yake "Microsoft Basic Display Adapter" yenye pembetatu ya njano.

fundi_bodi · Jumanne, saa 3:58 asubuhi

Hiyo pembetatu ndiyo habari njema ya asubuhi. Maana yake grafiki ya ndani imeamka, Windows inaiona, lakini haina draiva (programu ya kuitambulisha kwa Windows) kwa hiyo haijui iitwe nani. Inaonekana aliyekuwekea Windows hakuweka draiva ya Intel, au ilifutwa njiani.

Unganisha intaneti hata ya simu, fungua Windows Update, uache itafute. Ikikosa, nenda tovuti ya Dell, andika 9020, chagua draiva ya Video ya Intel. Usichukue zile programu za "kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja", zinakuletea na wageni ambao hukuwaalika.

Ukimaliza iwashe upya, halafu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Extend, yaani kutandaza kazi kwenye monita zote mbili.

mtaa_wa_pili · Jumanne, saa 4:20 asubuhi

Habari zenu wakubwa, niko Nakuru. Nimefuata hizi hatua zote kwa mashine yangu na hiyo sehemu ya Multi-Monitor siioni kabisa kwa bayosi. Nilijijengea mwenyewe, prosesa ni i3-10100F, bodi iko na HDMI yake. Nikichomeka kwa HDMI ya bodi hakuna kitu. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria bodi imeungua, nikitaka kuirudishia aliyeniuzia.

fundi_bodi · Jumanne, saa 4:31 asubuhi

Usimsumbue muuzaji wa bodi, hana kosa. Angalia herufi ya mwisho ya prosesa yako: F. Kwa Intel, F maana yake haina grafiki ndani. Siku hizi "grafiki ya bodi" ni jina la mazoea tu. Chenyewe kimo ndani ya prosesa, bodi imetoa mlango tu. Nyumba ina mlango lakini ndani hakuna mtu wa kufungua.

Upande wa AMD ni kinyume. Ryzen nyingi za mezani kuanzia za kwanza mpaka mfululizo wa 5000 hazina grafiki isipokuwa zenye G, mfano 3400G au 5600G. Kuanzia mfululizo wa 7000 karibu zote zina kidogo ya kuonyesha picha, ila nako zenye F, kama 7500F, hazina.

Suluhisho lako ni moja: monita zote kwenye kadi.

mtaa_wa_pili · Jumanne, saa 4:36 asubuhi

Aki hiyo F nilidhani ni ya "fast". Asante mkubwa, umeniokolea aibu dukani.

msumari_wa_moto · Jumanne, saa 4:40 asubuhi

😂😂 F ya fast.

Haya fundi, nimekubali nilikosea. Sasa niulize na mimi. Zikiwa zinafanya kazi zote mbili, si nguvu zinajumlishwa? Yaani nikicheza GTA V, kadi inachora nusu na ya ndani inachora nusu?

chai_ya_rangi · Jumanne, saa 5:02 asubuhi

Hilo ngoja nilijibu mimi, nililiota miaka mingi. Kati ya 2011 na 2012 bodi za Z68 na Z77 zilikuja na programu ya Virtu, ya kampuni iliyoitwa Lucid, kazi yake kuzifanya ya ndani na ya kadi zishirikiane. Niliiweka kwa mbwembwe. Gemu nyingine zilikataa kufunguka, nyingine zilipata kasi ya kwenye namba tu, jicho halioni kitu. Leo hata haikumbukwi.

Kwa hiyo hapana, hazijumlishwi. Kila moja inalisha monita iliyochomekwa kwake.

fundi_bodi · Jumanne, saa 5:20 asubuhi

Naongezea, maana hapa ndipo watu wanapolaumu kadi bure.

Dirisha likichorwa na kadi halafu ukaliburuta kwenye monita iliyo kwenye bodi, haimaanishi kadi imepumzika. Kadi inaendelea kuchora, kisha kila picha inakopiwa kupitia PCIe kwenda kwenye RAM, ya ndani inaichukua na kuitoa kwenye VGA. Ni kama kupika Mbagala halafu unapakulia Mbezi. Kwa Word, CorelDRAW, tovuti, hutahisi chochote. Kwa gemu na video nzito utaona kukwama kwama, na RAM yako ikiwa kijiti kimoja utaona zaidi, kwa sababu ya ndani inategemea kasi ya RAM. Vijiti viwili vya 4 ni bora kuliko kimoja cha 8 kwa matumizi haya.

Kwa hiyo gemu na programu ya video zifungue kwenye monita ya kadi, na hiyo iwe ndiyo kuu. Kwenye Windows 10 kuna Settings, System, Display, halafu Graphics settings chini kabisa. Pale unaweza kuchagua programu moja moja itumie grafiki ipi.

Na kama kadi yako ina matundu ya kutosha monita zako zote, chomeka zote kwenye kadi ulale. Mchanganyiko huu ni wa mwenye sababu: monita ya VGA, matundu yamejaa, au unataka ya tatu na ya nne. Sioni haja ya kuutafuta kama fasheni.

kwaya_mtandaoni · Jumanne, saa 7:10 mchana

Bwana asifiwe. Fundi, niongeze sababu nyingine ya kuiamsha ya ndani, sisi imetusaidia kanisani.

Tunarusha ibada mtandaoni kwa OBS, programu ya kurushia video. Mashine ni i5-6500 na kadi ni GT 1030 kama ya Mzee. Kila wimbo wa tatu picha inaganda, prosesa iko juu kabisa. Tulilaumu intaneti, tukabadilisha laini mbili. Kumbe GT 1030 haina kile kisimbaji cha video (cha kuibana video ili irushwe) cha NVENC ambacho kadi nyingi za NVIDIA zinacho, kwa hiyo kazi yote ya kusimba ilikuwa inafanywa na prosesa yenyewe. Grafiki ya Intel ya ndani ina chake, kinaitwa Quick Sync. Tulipoiamsha kwenye bayosi na kuweka draiva, QuickSync ikatokea kwenye orodha ya OBS. Tukachomeka na monita ya mhudumu wa maneno ya nyimbo kwenye bodi. Jumapili iliyofuata ibada ilienda mpaka baraka bila kuganda.

fundi_bodi · Jumanne, saa 7:25 mchana

Hapo umewafundisha watu wa uzi huu kuliko mimi. Ni kweli kabisa, na wengi hununua GT 1030 kwa ajili ya kurusha matangazo bila kulijua hilo.

Nyingine ya kuangalia kabla hamjanunua: kuna GT 1030 mbili. Iliyotoka 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5. Mwaka 2018 ikaja ya DDR4, jina lile lile, lakini kumbukumbu yake inapitisha takriban theluthi moja tu ya ile ya kwanza. Soma boksi, usisome bei.

mzee_wa_terminal · Jumanne, saa 8:00 mchana

Wenye Linux tusisahaulike. Kwenye Ubuntu baada ya kuwasha kwenye bayosi, fungua terminal uandike `xrandr --listproviders`. Ukiona watoaji wawili, yaani grafiki ya ndani na ya kadi, umefika. Nenda kwenye mipangilio ya Displays uzipange. Ukiona mmoja, ama bayosi bado, ama draiva ya NVIDIA haijakaa vizuri. Linux ina njia mbili za kuonyesha picha kwenye kioo, Xorg na Wayland; hiyo amri ni kwa wanaoingia kupitia Xorg. Kwa wa Wayland, fungua tu Displays uone kama monita zote mbili zimeorodheshwa.

msumari_wa_moto · Jumanne, saa 8:06 mchana

Tulijua utakuja.

MzeeWaSteshenari · Jumanne, saa 12:15 jioni

WAKUU IMEWAKA!

Windows Update ilichukua dakika arobaini kwa bando la simu, kijana akawa analalamika nimemaliza data yake. Baada ya kuwasha upya, Device Manager inasoma Intel HD Graphics 4600 na NVIDIA GeForce GT 1030, pembetatu hakuna. Nikabonyeza Windows na P, Extend, VGA ikafunguka kama haijawahi kugoma.

Yamebaki mambo mawili. La kwanza, kipanya kinatokea upande usio wake. Monita ya mteja iko kushoto, lakini mshale nikiupeleka kushoto unagonga ukuta; mpaka niupeleke kulia ndiyo utokee kushoto. La pili linahusu hela: rangi hazifanani. Kwenye ile mpya nyeusi inaonekana kama kijivu, imepauka. Kwenye VGA nyeusi ni nyeusi. Nimechapa kadi moja ya majaribio, imetoka karibu na ile ya VGA.

BintiForodhani · Jumanne, saa 12:40 jioni

Hongera Mzee! La kipanya nalijua. Bofya kulia kwenye uso wa Windows, Display settings, utaona viboksi 1 na 2. Kishike cha monita ya mteja ukiburute kikae upande ule ule monita ilipo mezani, bonyeza Apply. Ukitaka kujua ipi ni ipi, bonyeza Identify, namba zitatokea kwenye vioo.

fundi_bodi · Jumanne, saa 1:05 usiku

La rangi: kadi inaidhania monita yako ya HDMI kuwa ni TV, kwa hiyo inaitumia rangi zilizofinywa, nyeusi haifiki nyeusi. Fungua NVIDIA Control Panel, Change resolution, shuka chini uchague "Use NVIDIA color settings", halafu Output dynamic range iweke Full. Utaona tofauti palepale.

Baada ya hapo bado hazitafanana mia kwa mia. Ni monita mbili za umri tofauti, moja inakula analogia, nyingine dijitali. Rangi za mteja amua kwa monita moja tu, ile uliyoilinganisha na printa yako, na nyingine iwe ya kuonyesha mpangilio.

MzeeWaSteshenari · Jumatano, saa 6:30 mchana

Full imefanya kazi, nyeusi imerudi nyeusi. Boksi namba 2 nimelihamisha kushoto, mshale unapita vizuri.

Asubuhi amekuja mama mmoja wa kadi za kipaimara. Nikamkalisha mbele ya kioo chake, mimi nikabaki na changu, shingo yangu ina amani. Nikauvusha mshale kwake nimwonyeshe jina la mtoto. Akaruka: "Baba, huyu mshale umetoka wapi, kwani hiki si chako na hiki si changu?"

Nimemweleza mpaka Intel HD 4600. Ameniomba nimpunguzie bei.